Aliyekimbia Nyuma ya Gari

Mara ya kwanza gari lilipozimika kwenye korongo la mchanga, Fikirini alidhani ni uchafu wa petroli. Mara ya pili akailaumu plagi. Mara ya tatu, jua likiwa utosini, alifungua kabureta akakuta mchanga ndani ya kikombe chake. Halikuwa vumbi la njiani. Ulikuwa mchanga wa mtoni, mweupe, umelowa chepechepe, ukajaza kiganja chake hadi ukamwagika. Kikombe chenyewe kisingeweza kubeba hata nusu yake.

Aliutupa haraka kabla abiria hawajaona.

Ilikuwa mwaka 1936, dhahabu ikivuta watu kutoka kila upande. Gari lilikuwa la Rajabali, mwenye duka la nguo Shinyanga mjini: motokaa kuukuu yenye bodi ya mbao na mabenchi mawili nyuma. Jumatatu lilipeleka watu Segese karibu na machimbo, Jumatano likawarudisha. Kuharibika kwake kulikuwa jambo la kawaida, na ndiko kulikompa Fikirini jina. Aliweka sikio kwenye boneti, akagonga hapa, akakaza pale, akazungusha hendeli, gari likaamka. Abiria walimwita fundi, naye akilisikia neno hilo kifua kilipanuka.

Siku ile alirudisha kabureta mahali pake, akazungusha hendeli, injini ikaitika mara moja. Ndipo aliposikia nyayo nyuma yake. Zilikuwa nyayo pekupeku, zikikimbia mchangani. Mwenye nyayo alikuwa mzito, na alihema kama mtu anayekimbia huku amebeba kitu kwa mikono miwili. Fikirini hakugeuka. Alipanda, akaondoka.

Jumatano iliyofuata, mama mmoja aitwaye Scolastika alipanda Segese na kuku wake wawili. Benchi la pili walikaa wanaume wawili. Kwenye lake mama yule alikaa peke yake. Walipovuka korongo, gari likakwama kidogo, likakohoa, likaendelea. Baada ya hapo mama yule akaita kwa sauti ya chini.

"Baba dereva. Mwambie huyu mwenzangu asogee. Ananilowesha."

"Mwenzako yupi, mama?"

"Huyu mjamzito."

Fikirini alikanyaga breki. Akatazama wanaume wawili, akawaona wamekodoa macho kwenye benchi la mama yule. Hapakuwa na mtu, lakini ubao ulikuwa umebonyea kama umekaliwa, ukilia taratibu kila gari lilipotikisika, na kutoka pale palipobonyea maji yalichuruzika yakichanganyika na mchanga hadi miguuni pa Scolastika, na ile harufu ya mto uliokauka juu lakini umelowa chini ikapanda ikajaza bodi nzima hata kuku wakanyamaza na kuficha vichwa vyao chini ya mbawa.

"Mayu wane, mama yangu wee," mama yule akanong'ona. Alishuka na kuku wake, akaanza kutembea kwa miguu kuelekea mjini. Wanaume wakamfuata bila kuuliza nauli zao.

Rajabali alileta fundi mwingine kutoka Mwanza. Yule alifungua injini yote juu ya turubai, akaifunga, akasema haina ubovu. "Basi ubovu uko kwa nani, Fikirini?" Rajabali akauliza, na hakuwa anafanya mzaha. Fikirini alitazama chini, akasema ataangalia tena waya.

Mkewe, Mwaisha, mama wa mtoto wao Tabu, ndiye aliyekwenda kumwita Chausiku. Gari lililala uani kwao, na tangu juzi Mwaisha alikuwa akisikia mtu analizunguka akihema, mchana kweupe, wakati yeye anachambua mchele.

Chausiku alikuwa mwanamke mdogo kwa Fikirini kwa miaka kumi hivi. Asubuhi aliuza vitumbua sokoni, alasiri alitibu wenye pepo. Alifika na chetezo na ubani, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," Fikirini akajibu, kama neno lile si haki yake.

Chausiku alipanda nyuma, akaketi penye benchi lililobonyea, akafukiza. Kisha kichwa kikamwinamia, na sauti iliyotoka kinywani mwake haikuwa yake. Ilikuwa ya mtu aliyeishiwa pumzi.

"Ningoje, baba. Nakuja. Ningoje."

Fikirini aliketi chini, palepale kwenye vumbi.

Chausiku alipopata fahamu alijifuta jasho. "Hili ni jini la korongo," akasema polepole. "Halina sura yake. Sura hii limeazima kwa mtu. Ni nani aliyeiacha sura yake kule?"

"Sijui."

"Baba, mimi nitakwenda zangu. Wewe ndiwe utakayebaki nalo."

Ndipo Fikirini akasema, macho yake yakiwa kwenye tairi. Wakati wa masika, mchimbaji mmoja wa Bugarama, jina lake Bujiku, alimpa Fikirini mkewe Limi ampeleke hospitali. Mimba ya miezi saba, na homa kali. Bujiku hakupewa ruhusa ya kuondoka kazini. "Kaka, nakukabidhi," alisema, akamfunga mkewe kitenge mabegani. Korongoni gari likakwama. Wanaume wakashuka kusukuma. Fikirini akamwambia na Limi ashuke, gari liwe jepesi.

"Likawaka," Fikirini akasema. "Nilijua nikisimama litazimika tena. Wanaume walidandia likiwa linakwenda. Yeye akabaki nyuma, anakimbia, ameshika tumbo."

"Kwa nini hukumngoja ng'ambo?"

"Nilisema nitasimama kwenye mwinuko. Tulipofika kwenye mwinuko nikasema nitasimama mbele. Abiria wangesema, fundi gani huyu hawezi kusimamisha gari lake? Halafu tukawa mbali. Nikaona haya kurudi."

Wachungaji walimkuta Limi siku mbili baadaye, amelala ukingoni, uso ndani ya mchanga.

"Na mumewe ulimwambia nini?"

"Kwamba aliomba kushuka mwenyewe. Kwamba alisema ana ndugu karibu."

"Akasema nini?"

"Alinishukuru." Sauti ya Fikirini ilikuwa ndogo. "Akaniletea jogoo."

Mwaisha, aliyekuwa ameketi mlangoni na ungo mapajani, aliinuka akaingia ndani. Yeye ndiye aliyempika jogoo yule.

"Jini hili linakula kilichofichwa," Chausiku akasema. "Dawa yangu bila ulimi wako ni moshi tu. Utamwambia mumewe, palepale ulipomwacha, saa ileile."

Walimfuata Bujiku Bugarama. Alikuwa mtu mpole mwenye mikono iliyochanika kwa mawe. Alimwamkia Fikirini kwa heshima, akadhani anapelekwa kuonyeshwa mahali alipofia mkewe, akabeba unga kidogo wa kumnyunyizia kama tambiko. Njia nzima alisema mara moja tu: "Mungu akulipe, kaka, kwa kunikumbuka."

Korongoni gari lilizimika lenyewe. Mbuga ilikuwa tupu pande zote, hapana ndege, hapana ng'ombe. Chausiku akawasha ubani, akamtazama Fikirini.

"Hakuomba kushuka," Fikirini akasema. "Nilimshusha mimi. Nikamwacha."

Bujiku aliendelea kushika unga wake. Akauliza, "Alikimbia?"

"Alikimbia."

"Mbali?"

"Sijui. Sikugeuka."

Hapo nyayo zikaanza. Zilitoka chini kwenye mkunjo wa korongo, pekupeku, nzito, zikija mbio juu ya mchanga ambao haukuonyesha alama yoyote, zikikaribia na kuhema kule kukikaribia pamoja nazo, hadi kila pumzi ikasikika inavyokatika katikati na kuanza upya, na Bujiku, ambaye alikuwa amelala kando ya pumzi ile miaka sita, akaangusha unga wake na kufungua mikono.

"Limi!"

Chausiku alimkumbatia kwa nguvu. "Usiliite! Si yeye!" Kisha akamkemea Fikirini, bila heshima yoyote sasa. "Wewe, geuka!"

"Siwezi."

"Geuka!"

Pumzi ilikuwa kwenye shingo yake, baridi, yenye harufu ya mto. Fikirini akageuka. Alikiona kitenge kimefungwa mabegani, tumbo kubwa, mikono miwili imelishika, na pale uso ulipopaswa kuwa palikuwa na mchanga mbichi unaomomonyoka, ukianguka na kujijaza tena, ukitafuta pua, ukitafuta macho, ukishindwa. Alitazama. Alitaka kufumba macho, hakufumba. "Nilikuacha, Limi," akasema. "Nilikusikia ukiniita, nikakuacha."

Mchanga ukasimama kumomonyoka. Kisha kiwiliwili chote kikaporomoka miguuni pake, kikawa rundo lililolowa, na jua likalikausha mbele ya macho yao.

Chausiku alilimwagia maji aliyoyasomea, akasema limekwisha. Fikirini alizungusha hendeli mara moja. Injini ikaunguruma safi, kuliko siku gari lilipotoka kwenye meli.

Bujiku aliokota unga uliobaki, akaunyunyiza ukingoni. Fikirini alimfungulia mlango wa mbele. Bujiku alimtazama kama mtu anayetafuta kitu usoni pa mwenzake na hakioni. Akageuka, akaanza kutembea kurudi Bugarama, safari ya siku mbili kwa miguu.

Gari halikuzimika tena. Rajabali alifurahi, akalipaka rangi mpya. Lakini habari zilitembea toka Segese hadi Kishapu. Wenye haraka walipanda, wakashuka bila kumwita fundi tena.

Mwaka uliofuata uchungu ulimshika Mwaisha, asubuhi, akiwa jikoni. Fikirini alileta gari hadi mlangoni, injini ikiwaka, akatandika godoro juu ya benchi. Mwaisha alitoka akiwa ameshikwa huku na huku na majirani wawili. Akalitazama gari, akamtazama mumewe.

"Nitatembea, Baba Tabu," akasema.

Wakampita. Fikirini aliwafuata nyuma na gari tupu, polepole, hadi hospitali.