Goli Lililochelewa Sikioni

Mpira uligusa wavu na jukwaa zima likalipuka. Lameki Masunga, fundi cherehani asiyeona, alikuwa bado amekaa. Kisimulizi, kifaa kilichokuwa sikioni mwake, ndiyo kwanza kilikuwa kinamweleza, kwa sauti tamu ya mtangazaji, kwamba winga anakokota mpira kuelekea boksi. Sauti ilipofika kwenye goli, Lameki aliinuka akashangilia peke yake. Watu wa nyuma wakacheka.

Kisimulizi kilikuwa fahari ya Mwanza mpya. Ndani ya mpira na ndani ya kila jezi kulikuwa na kitambuzi kidogo kilichotoa taarifa bila kukoma: ni nani, yuko wapi, anakimbia kwa kasi gani. Taarifa hizo zilikwenda kwenye seva, mtambo mkuu uliokuwa nje ya mji, zikachanganywa na picha za kamera, zikageuzwa kuwa usimulizi, kisha zikarudi masikioni mwa wasioona. Safari hiyo ilikuwa fupi, ila goli halisubiri.

Lameki alipeleka malalamiko, na kampuni ikamtuma mhandisi Anjelista Komba akae naye kwenye mechi. Alirudi ofisini ameshaamua. Wakubwa wake walimkumbusha kwamba seva ndiyo yenye nguvu ya kutunga maneno mazuri. Kifaa cha sikioni ni kidogo, kikifanya kazi hiyo chenyewe kitapata joto na kitaongea kama mtoto. Anjelista aliwajibu kwamba mtu anayecheka baada ya wenzake kumaliza kucheka hajafaidi kichekesho. Akaihamisha kazi: taarifa zikatoka uwanjani moja kwa moja hadi sikioni, na kifaa kikawa kinazitafsiri chenyewe.

Mechi iliyofuata kisimulizi kilisema, "Saba. Kushoto. Anapiga. Goli." Lameki aliruka pamoja na jukwaa zima. Anjelista, aliyekuwa kando yake, alijikuta anafuta machozi. Hapo ndipo alipogundua kwamba kiti cha upande wa pili wa Lameki kilikuwa kitupu, akauliza ni cha nani.

Lameki alimweleza. Kilikuwa cha Deusi Magoti, kaka wa mkewe. Kabla ya visimulizi, Deusi ndiye aliyemsimulia mechi zote, tangu walipokuwa vijana. Naye alikuwa akichelewa, akikosea majina, na kila penalti waliyopigiwa kwake ilikuwa ya uonevu. Siku kifaa kilipofika, Lameki alimshukuru na kumwambia sasa apumzike, aangalie mpira wake kwa raha. Deusi alikuja mara chache, akakaa kimya, kisha akaacha kuja.

"Nilidhani nimemtua mzigo," Lameki alisema. "Na kusema kweli, nilifurahi kukaa kama mtu asiyemhitaji mtu."

Kabla ya fainali alikwenda nyumbani kwa Deusi kumwuliza mbona haonekani uwanjani. Deusi alimkaribisha chai, kisha akakaa akizungusha kikombe chake bila kunywa.

"Shemeji, mimi nimezoea kuangalia kwa kusema," alisema mwishowe. "Nikinyamaza, mpira siuoni."

Miaka yote Lameki aliamini kwamba anayesaidiwa ni yeye peke yake.

"Basi twende ukaseme," alimwambia.

Fainali ilifika kwenye penalti. Uwanja ulinyamaza. Mpira ulikuwa umetulia kwenye alama na hakuna mchezaji aliyekimbia, hivyo vitambuzi havikuwa na jipya la kutuma na kisimulizi kikakaa kimya. Deusi naye alikuwa kimya, akiogopa kukiingilia. Lameki alimgusa goti.

"Kuna nini?"

Deusi alimsogelea.

"Kipa wetu amevua glovu moja," alinong'ona. "Anajifuta kiganja kwenye kaptula. Anamtazama mama mmoja nyuma ya goli, nadhani ni mama yake. Mama amefunika macho."

Lameki aliinama mbele na, bila kufikiri, naye akayafunika ya kwake.