Matundu ya Fimbo

Gawie, jirani yangu, hunisimulia hili akiwa ameinamisha uso, nami namwamini, maana mtu hatungi hadithi ya kujiaibisha. Walikwenda Sossusvlei, kule jangwani Namibia, na familia kupanda matuta ya mchanga. Mkewe na watoto walipotangulia, yeye alimfungia mama yake mzee garini pamoja na fimbo yake ya kutembelea, asiwacheleweshe.

“Mama yuko wapi?” mkewe aliuliza kule juu.

“Si amekataa mwenyewe! Eti magoti.”

Papo hapo wakasikia fimbo ikichoma mchanga nyuma yao, chup, chup, lakini hapakuwa na mtu. Wakati wa kushuka, waliona matundu ya fimbo yamefuatana na nyayo za Gawie njia nzima.

Ufunguo ulikuwa bado mfukoni mwake. Alipofungua mlango, mama alikuwa amekaa palepale, fimbo mapajani.

“Nilikataa lini, Gawie?”