Kitabu Kilichorudi Peke Yake

Sokoni Kariakoo, mwanzoni mwa 1954, Zamzam aliuza kashata huku macho yake yakiwa kitabuni. Mteja alisimama, akakohoa, wapi! Binti hakuinua uso.

"Dada, unauza kashata au unauza maringo?"

Alipotazama akaona askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, kaptula ya kaki imepigwa pasi ikanyooka. Akacheka. "Subiri kidogo. Anakaribia kuposwa."

"Nani?"

"Msichana wa humu kitabuni."

Basi ndivyo Shaibu alivyonaswa. Siku tatu mfululizo alikuja kununua kashata asizozila. Ya nne akaja na habari: kikosi chake kinapelekwa vitani Kenya, msitu wa Nyandarua.

Zamzam akaandika jina lake na mtaa wake ndani ya jalada la kitabu, akachana kurasa nne za mwisho, kitabu akampa.

"Ebo! Mbona unakiharibu?"

"Ukitaka mwisho wake, rudi. Mrisho wa duka la taa anataka kuniposa. Namkataa, nakungoja wewe."

Barua zikaja. "Roho yangu, huku mvua na baridi tu. Tukitoka doria nawasomea wenzangu chini ya turubai. Rafiki yangu Pius kalia sura ya nne, askari mzima! Wakiniuliza mwisho, nasema uko Kariakoo."

Kisha kimya, miezi miwili. Siku moja posta wakaleta kifurushi: kitabu kina damu iliyokauka, bila hata mstari mmoja wa barua. Zamzam alipiga yowe, majirani wakajaa uani. Wakamsomea Shaibu khitma. Mrisho aliporudi kuposa, Zamzam akanyamaza, wakahesabu kimya chake kuwa ndiyo. Msimlaumu jamani. Nani humngoja maiti?

Miezi sita baada ya harusi Shaibu akatokea, mkono wa kulia umekakamaa. Alimkuta palepale sokoni, tumbo limechomoza chini ya khanga.

"Zamzam."

Sinia likamponyoka. "Shaibu? Tumekusomea khitma! Kitabu kilirudi na damu!"

"Damu ya Pius. Nilimwazima asubuhi ile kabla hatujashambuliwa. Jeshini walikikuta mfukoni mwake, wakakituma kwa jina lililomo."

"Na wewe ulishindwa kuandika?"

"Mkono huu ulipigwa risasi, nikalazwa. Mwenzangu wodini alitaka kuniandikia, nikaona haya. Maneno yangu kwako ayasikie mtu mwingine?"

"Haya yako ndiyo iliyoniozesha, Shaibu!" Akalia mbele ya wateja, hakujali.

Kisha akafunua kikapu, chini ya kitambaa, akatoa kurasa nne zilizokunjwa. Hakuwahi kuzitupa.

Shaibu akatikisa kichwa. "Niambie wewe. Wale wa kitabuni walioana?"

"Walioana."

"Basi bwana yule wa kitabuni hakuona haya."

Zamzam akaokota kashata mbili zilizobaki siniani, akazifunga ndani ya kurasa zile, akampa. Shaibu akapokea kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa kuutumia, akaenda zake.