Mnunuzi wa Sita

Majidi alitengeneza wanunuzi watano, lakini Jumatatu ile mnada ulipofunguka kwenye kompyuta, walikuwa wamekaa sita.

Hakushtuka sana. Alidhani amekosea mahali, maana programu aliiandika mwenyewe chumbani kwake Ipuli, apate kuwafundisha wafuga nyuki wa Kigwa namna ya kuuza asali mnadani bila kupunjwa. Wanunuzi walikuwa wa kubuni, wakipandishiana bei wenyewe kwa wenyewe. Dalali ndiye hakuwa wa kubuni. Majidi alimpa sura na sauti ya mkewe Asmahani, aliyekuwa dalali wa asali Kanyenye hadi homa ilipomchukua, miezi saba nyuma. Ukibonyeza hapa anacheka, ukibonyeza pale anakunja uso. Watu walimsifu fundi kwa kazi nzuri. Hawakujua kwamba mgane yule alishinda kutwa akibonyeza kicheko peke yake, chakula kikipoa mezani.

Huyu wa sita hakuwa na uso. Na tangu alipokaa, chumba kilinuka nta inayoungua.

"Baba," binti yake Shamila alinong'ona mlangoni, "mbona mama haanzi na bismillahi? Maisha yake yote hakufungua mnada bila bismillahi."

"Niliikata. Ilikuwa inachelewesha."

"Uliikata?" Shamila akashika kifua. "Basi umemfungulia jini mlango."

Akaisoma yeye, kwa sauti. Wa sita akatikisika kidogo, akatulia. Mnada ulikuwa umeshafunguliwa bila hiyo, naye alishapata kiti chake.

Majidi akachomoa waya ukutani. Kioo hakikuzima. Palipoandikwa asali, mapipa kumi, maandishi yakafutika, likabaki neno moja: Asmahani. Na uso wa dalali ukalia. Majidi hakuwahi kuuchorea machozi.

"Baba Shamila," ukasema, na maneno hayo hakuna aliyeyarekodi, "usiache nichukuliwe."

"Si mama huyo! Twende tukamwite shehe, baba, nakuomba!"

Mtu mwenye akili timamu angetoka mbio. Mimi simlaumu Majidi. Aliyeitwa hivyo na sauti ile, baada ya miezi saba ya ukimya, angetokaje?

"Miaka mia ya umri," akasema wa sita, akifungua bei.

"Mia mbili," akajibu Majidi.

"Huna miaka hiyo. Toa ulichonacho."

Nje jua la saa saba mchana liliwaka, na jirani alikuwa akitwanga kisamvu kama siku nyingine yoyote, ila humo ndani mvumo wa nyuki ulipanda kutoka sakafuni, ukamtambaa miguuni, ukajaa masikioni, harufu ya nta ikamkaba koo, naye akatoa siku aliyomwona Asmahani kwa mara ya kwanza, amesimama juu ya pipa akiwapigia wanunuzi kelele, na alipokwisha kuitaja ikamtoka kichwani, akaitafuta asiione, na wa sita akapanda tena, naye akatoa harusi yao, akatoa wimbo ambao mkewe alimbembelezea mtoto, akatoa wodi ya hospitali na ule mkono uliopoa ndani ya mkono wake, akatoa hata jina la mkewe, kila kitu, mpaka upande wa pili ukanyamaza.

"Mara ya kwanza," akasema dalali kwa huzuni. "Mara ya pili. Mara ya tatu. Nimeuzwa kwa Baba Shamila."

Mvumo ukakatika. Harufu ikaisha. Kwenye kioo walibaki wanunuzi watano.

Shamila akamrukia baba yake shingoni, analia na kucheka kwa pamoja. "Umemshinda, baba! Mama amebaki!"

Majidi aliutazama ule uso kwa muda mrefu, nao ukamtabasamia.

"Mama mzuri huyu," akasema kwa upole. "Ana watoto?"