Mama wa Mlangoni

"Laki tatu nikupe ya nini, fundi? Huyo mama mlangoni nani kakutuma umchore?"

Rafiki yangu, mchoraji wa katuni, alipandwa na hasira kwa maneno hayo ya bosi aliyemwagiza kazi. Kazi ilikuwa imerudishwa mara nne kwa visingizio, na kwenye kompyuta kila kitu alikichora kwenye tabaka lake, linaloweza kuzimwa peke yake: ukuta, beseni, mtoto. Basi; mama hakumchora.

"Bosi, usinizungushe. Tazama mwenyewe!"

Akazima tabaka la mtoto, mtoto akatoweka. Akazima la beseni, kisha la ukuta. Skrini ikawa nyeusi tii, ila mama alibaki palepale, amewapa mgongo.

Rafiki yangu akachomoa waya wa umeme. Feni ya kompyuta ikanyamaza. Mama akageuka taratibu, na spika zikakwaruza:

"Bosi, na mimi unilipe changu."