Vichupa vya Kumi na Saba

Vichupa viwili havikuwepo. Cha tatu kilikuwa juu ya meza, kimefunguliwa, na unga wake mweupe umegeuka kitu cha kunata kama gundi.

Inspekta Nyaboke Mogaka hakukigusa. Aliinama akakitazama, kisha akamwashiria mpiga picha wa polisi akipige picha kila upande. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, ghorofa ya nne ya jengo la utafiti mjini Houston.

Kando ya friza alisimama Dakta Yasinta Lyimo, mkemia, koti lake jeupe limefungwa vifungo kombo. Macho yalikuwa mekundu.

"Pole, Daktari. Kazi ya miaka sita si mchezo."

"Siulilii utafiti, dada. Unga nitautengeneza tena. Namlilia atakayeutumia."

"Nieleze kama mtu aliyefeli kemia. Maana nilifeli, na mwalimu alinitangaza mbele ya shule nzima."

Yasinta alitabasamu kidogo. "Peptidi ni mnyororo wa asidi amino. Mimi napachika vipande vya sukari katikati ya mnyororo, ili vimeng'enya vya mwili visiukate haraka. Peptidi yangu ya kumi na saba imeua bakteria walioshinda dawa za hospitali. Lakini imewaua ndani ya kisahani cha kioo. Jana tumegundua kuwa inapasua pia chembe nyekundu za damu."

"Ikiingia kwenye mshipa wa mtu?"

"Anaweza kufa kabla ambulensi haijafika."

Nyaboke alifunga daftari lake. Mwizi angeweza kungoja. Aliyekuwa hatarini hangeweza.

Kumbukumbu za mlango zilionyesha kadi mbili tu kabla ya saa moja asubuhi: ya Humphrey Mwenda, fundi wa maabara, na ya watu wa usafi. Akaanza na Humphrey.

"Nasikia umeomba kazi kampuni ya dawa kule Dallas."

"Kila mtu hapa ame-apply mahali, Inspekta. Ungeshinda na friza hizi, hata wewe ungeomba."

"Uliingia saa kumi na mbili kufanya nini?"

"Kuzima mashine ya kukaushia. Nimeandika kwenye kitabu chake, angalia."

"Na vichupa?"

"Kama ni kuiba, ningeiba daftari la Daktari. Namna ya kuitengeneza ndiyo mali." Alikisonta kichupa cha mezani. "Halafu mimi nifungue vile? Aibu hiyo siwezi."

"Vile aje?"

"Kikiwa baridi. Unga huu unavuta maji hewani. Ukiutoa kwa friza, unaukalisha kwenye chombo kikavu saa nzima, upate joto la chumba, ndiyo ufungue. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Ukifungua baridi, na hewa ya Houston ilivyo na maji, unapata uji."

Nyaboke aliandika mstari mmoja: *Aliyefungua si mkemia.*

Akarudi kwenye friza. Ndani mlikuwa na vichupa zaidi ya arobaini, vimepangwa kwa namba. Safu moja tu ndiyo iliyoguswa.

"Mwizi hakupapasa, Daktari. Alijua anataka Kumi na Saba. Nani nje ya maabara anaijua namba hiyo?"

"Hakuna. Ripoti haijatoka bado..." Mkono wa Yasinta ukaenda mdomoni. "Kanisani."

"Kanisa gani?"

"Letu, la mtaa wa Alief. Jumapili nilitoa ushuhuda. Nilisema kumi na sita zilishindwa, na Mungu akanipa ya kumi na saba, inayoua bakteria sugu. Watu wakapiga vigelegele. Nikaona haya kuendelea, nikakaa."

"Hukuwaambia ni kwenye kisahani?"

"Sikusema."

"Nani wa pale kanisani anaingia jengo hili?"

"Mama Mado, yule wa kutoka Kongo. Anafanya usafi ghorofa hii. Mume wake, Vital, ana kidonda mguuni, kimekataa kupona. Nesi alimwekea mkononi mpira wa kupitishia dawa kwenye mshipa. Mado mwenyewe humsukumia antibiotiki kila siku, saa sita mchana."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika ishirini.

Mado hakupokea simu. Nyaboke aliita ambulensi na gari la doria, akamwingiza Yasinta kwenye gari lake, wakaondoka kuelekea kwa kina Mado, mtaa wa Sharpstown, huku king'ora kikilia. Yasinta alipiga simu ile mara kumi na moja.

Maofisa wawili wa doria walikuwa wametangulia. Walikuwa wamebisha, wamepiga kelele kwa Kiingereza, na sasa mmoja alikuwa ameshika chuma cha kuvunjia mlango.

"Nipe dakika moja," Nyaboke alimwambia, kisha akamsogeza Yasinta mlangoni. "Sema. Safari hii usione haya."

"Mama Mado! Ni mimi, Yasinta. Ile dawa itamuua Vital! Kanisani sikumaliza kusema. Nisamehe, fungua!"

Kitasa kikazungushwa. Kisha mnyororo ukalegezwa.

Vital alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya mto, mkono wenye mpira umenyooshwa. Juu ya kitambaa safi palikuwa na vichupa viwili vitupu na bomba la sindano lililojaa.

"Umemdunga?" Nyaboke aliuliza.

"Hapana. Nilikuwa nangoja saa yake ifike."

Nyaboke alivaa glavu, akalitia bomba kwenye mfuko wa ushahidi. Ndipo alipopumua.

"Nani alichukua vichupa hivi?"

"Ni mimi nilibeba," alisema Mado. "Asubuhi, wakati wa kupanguza. Kimoja nilifungua nione, kikakuwa kama gundi. Nikakiacha, nikabeba vingine."

"Mado," Vital akanong'ona, "uliniambia ni ya hôpital."

"Hôpital! Docteur anasema lundi, Jumatatu hii inakuja, watakata muguu. Wewe uko seremala. Utasimamia nini?"

Yasinta alipiga magoti mbele yake. "Mbona hukuniomba, mama?"

"Nilikuomba! Dimanche, nyuma ya ibada, kwa parking ya kanisa. Nikashika mukono yako. Ukasema, 'Bado, tuombe.' Nikaona: kumbe ni dawa ya bakubwa, si ya sisi bamaskini."

Yasinta alikumbuka mkono ule, ulivyomshika sana, na jinsi alivyokuwa anatafuta funguo za gari.

Nyaboke alitoa pingu. Akatazama saa yake, akazirudisha kiunoni.

"Dawa yake ya kweli iko wapi?"

"Kwa frigo," Mado akasema, akionyesha friji.

"Ni saa sita. Mpe kwanza."

Mado alinawa mikono hadi viwikoni, kama nesi alivyomfundisha. Alipounga bomba la dawa ile kwenye mpira, Yasinta akaushika mkono wa Vital usisogee. Dawa iliingia polepole, tone kwa tone, maofisa wawili wakiwa wamesimama mlangoni, kofia mikononi.

Ilipokwisha, Mado alifunga mpira, akaufuta kwa spiriti, akageuka na kunyoosha mikono yake miwili.

"Kesho saa sita nani atamupa?"

"Mimi," alisema Yasinta. "Na Jumapili nitasimama tena kanisani, nimalizie."