Fundi Kufuli Aliyejifungia Nje

Kibanda cha fundi wa kufuli kilikuwa kidogo. Wakiingia watu wawili, wa tatu anasubiri nje. Ukutani zilining'inia funguo za kila namna: za makabati, za mageti, za masanduku ambayo wenyewe walishakufa. Mtu akipoteza ufunguo, alimwita yeye. Naye alifungua mlango bila kukwaruza hata rangi.

"Kufuli ni kama mdomo," alipenda kujigamba. "Ukijua kuutekenya, unacheka wenyewe."

Kila mteja aliyechongewa ufunguo wa akiba aliondoka na wosia uleule: "Huu usiuweke ndani ya nyumba hiyohiyo. Mpe dada yako. Na tuujaribu sasa hivi, mlango ukiwa wazi."

Nyumbani, sauti ilikuwa ya mkewe. Mama yule alijua kusimulia. Binti yao wa mwisho walimwita Kasuku, maana alirudia kila alichosikia. Kasuku hakulala bila hadithi ya mama.

Kisha mama akaugua koo. Daktari hakuzunguka.

"Uvimbe tutautoa, nawe utapona. Lakini sauti itaondoka nao."

Siku zilizobaki, mama alirekodi kwenye simu ya mumewe. Alirekodi hadithi zote. Akarekodi na nasaha, na nyimbo, na hata namna anavyomwita Kasuku akaoge.

"Siku akiolewa, asikie nilivyokuwa namfokea," alisema. Akacheka, kisha akalia.

Simu ikajaa. Fundi akahamisha rekodi zote kwenye diski, ile ndogo inayochomekwa kwenye kompyuta. Wezi walikuwa wamevunja nyumba ya jirani, kwa hiyo akaisimba. Kusimba ni hivi: kompyuta hugeuza kila kilichomo kuwa fumbo, na fumbo hilo halisomeki bila neno la siri. Kompyuta ikampa pia ufunguo wa dharura. Huo ni namba ndefu ya kutumia neno la siri likisahaulika.

Fundi aliuhifadhi ufunguo huo kwenye kompyuta. Halafu akaingiwa na wasiwasi. Mwizi akiuona je? Akauhamishia ndani ya diski ileile. Akafuta kila kitu kwenye simu.

"Hapo hata shetani hafiki," akasema.

Kesho yake mkewe alipasuliwa.

Mama alipona. Alirudi na kitambaa shingoni na kibao cha chaki mkononi. Alichotaka kusema, aliandika. Lakini Kasuku alikuwa bado hajui kusoma. Alikaa mbele ya kibao kile kama mtu aliyefika dukani akakuta pamefungwa.

"Baba, niwekee mama wa kwenye kompyuta."

Fundi akachomeka diski. Kompyuta ikaomba neno la siri. Akaandika. Likakataliwa. Akaandika jingine, likakataliwa. Neno lile alilitunga siku ambayo akili yake yote ilikuwa hospitali. Alitaka liwe neno asilowahi kulitumia, mtu asije akalikisia. Sasa hata yeye hakuweza kulikisia.

Wakamwita Mwalimu. Huyu ni jirani yao, mwanamke anayefundisha kompyuta chuoni.

"Shemeji, ulipoisimba ulipewa ufunguo wa dharura. Uko wapi?"

"Upo. Upo salama kabisa."

"Wapi?"

Kidole cha fundi kikaenda polepole mpaka juu ya diski.

"Humo."

Mwalimu aliipekua kompyuta nzima, hata vilivyofutwa. Hakuona kitu.

"Uliuchapisha? Ulimtumia mtu?"

"Mimi nimpe mtu ufunguo wangu?"

"Na mteja wako, ukimchongea wa akiba, unamwambia auweke wapi?"

Fundi aliichomoa diski, akaigeuzageuza kwa vidole vyake vyenye makovu.

"Mwalimu, sijawahi kushindwa na kufuli."

"Kufuli ina tundu, shemeji. Unaingiza waya, unapapasa. Hii haina pa kupapasa. Ni hesabu tupu. Hata walioitengeneza hawana ufunguo wako."

"Yupo jamaa pale stendi. Anasema kwake ni kazi ya nusu saa."

"Atafuta vyote, akurudishie diski tupu. Itafunguka, ndiyo, kama chumba kilichohamwa."

Mama aligonga meza, wakamgeukia. Alikuwa ameandika: FUNDI KUFULI AMEJIFUNGIA NJE. Mabega yake yalitikisika. Fundi alidhani anacheka. Akasogea karibu, akaona machozi.

Mwalimu alikaa nao mpaka chai ikapoa.

"Hii msiitupe wala msiifute. Huenda siku moja neno likakurudia. Lakini kuanzia sasa, kitu usichotaka kupoteza kisikae mahali pamoja. Kiwe na nakala nyingine, nyumba nyingine. Ufunguo wa dharura uuchapishe, na karatasi akae nayo mtu unayemwamini. Na kabla hujafuta chochote, ujaribu."

"Mlango ukiwa wazi," fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Mlango ukiwa wazi, shemeji."

Neno halikumrudia. Wakaanza upya na kilichobaki. Kasuku alizijua hadithi za mama kwa kichwa. Alisimulia yeye, baba akarekodi, mama akakaa pembeni. Mtoto akikosea, mama aligonga meza, naye akarudia. Fundi alisimba diski mbili, moja ya nyumbani, moja ya kwa dada yake. Karatasi za funguo akampa dada yake pia. Alijaribu kila namba kabla ya kufuta chochote.

Mwaka uliofuata kompyuta iliharibika. Wakapata nyingine. Fundi akachomeka diski ya nyumbani, akaandika neno la siri alilodhani analikumbuka, likakataliwa. Akapiga simu.

"Dada, ile karatasi!"

"Ninayo hapa. Nasoma, andika. Na usinikatize, nakujua."

Diski ikafunguka. Sauti ya Kasuku ikajaa chumbani. Katikati ya hadithi, mtoto yule alikuwa ameiga: "Wewe Kasuku! Njoo uoge kabla sijakufuata!" Ilikuwa sauti ya mama, na kuvuta kwake maneno. Kisha, humo kwenye rekodi, meza ikagongwa.

Mama aliandika: TENA.

Ile diski ya kwanza inaning'inia kibandani, kwenye msumari, kati ya funguo zisizo na milango. Kila asubuhi fundi huichomeka kwenye kompyuta anayokuja nayo, akajaribu neno moja kabla ya kuanza kazi. Juzi mteja aliiona.

"Fundi, na hiki ni cha mlango gani?"

"Wa nyumbani kwangu," fundi alisema. Akampa ufunguo wake wa akiba. "Twende tuujaribu huo wako. Na mlango usiufunge kwanza."